Kuvuja mkojo: hesabu zilivyotuondolea lawama



Sisi tunaoshona huku Didia, mkoani Shinyanga, husikia siri nyingi tunapopima nguo. Bibi harusi mmoja alituomba bitana nzito. Akicheka au kukohoa, mkojo humtoka, na alihofia mumewe atadhani hakujitunza. Naye hajazaa.

Wengi wameficha hali hii kwa aibu. Mwaka 1948 daktari wa Marekani, Arnold Kegel, aliandika kuhusu mazoezi ya kukaza misuli inayozuia mkojo. Lakini ni nani hasa aliye hatarini? Hilo lilitaka hesabu.

Kati ya 1995 na 1997, wanawake 27,900 wa mkoa mmoja wa Norway walijibu maswali ya watafiti. Robo yao walivujwa na mkojo. Mwaka 2003, Guri Rortveit na wenzake walitoa matokeo ya wanawake 15,307 kati yao, wote chini ya miaka 65, wakiwa makundi matatu. Kwa kuwa umri nao huleta tatizo hili, kwanza walisawazisha tofauti za umri, ili uzazi usibebeshwe kosa la miaka. Katika kila wanawake 100, waliovujwa ni hivi: wasiozaa 10, waliozaa kwa upasuaji 16, waliozaa kwa njia ya kawaida 21.

Tazameni hao 10. Hawakuzaa, na bado wanavujwa. Basi asiambiwe mwali yeyote kuwa mkojo ni ushahidi dhidi yake. Wala tusikimbilie kisu, maana waliopasuliwa nao hawakusalimika wote.

Fistula ni jambo jingine. Uchungu uliokwama muda mrefu huacha tundu kwenye kibofu, mkojo ukatoka mchana na usiku. Hutibiwa kwa upasuaji. Kwa kuwa nauli iliwazuia wengi, hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ilianza mwaka 2009 kuituma kwa M-Pesa.

Na anayetokwa bila kukoma haachi sala: hujisafisha, hujifunga kitambaa safi, hutawadha kwa kila faradhi wakati ukishaingia.

Bibi harusi wetu tulimwekea bitana yake. Tukamwambia pia amwone mkunga amfundishe yale mazoezi, kwani bitana huficha tu, haiponyi.