Mke wa Mlevi Alipopewa Kiti

Lois Burnham aliolewa na Bill Wilson Januari 1918, na miaka mingi ya ndoa ile ilikwenda na chupa. Yeye ndiye aliyefanya kazi dukani Brooklyn ili nyumba ipate kula. Desemba 1934 Bill aliacha pombe hospitalini New York, na mwaka uliofuata yeye na daktari Bob Smith wa Akron, Ohio, wakaanzisha Alcoholics Anonymous. Ungetegemea nyumba sasa itulie. Siku moja Bill, mzima kabisa bila tone la pombe, akamhimiza mkewe wasije wakachelewa mkutano. Lois akamrushia kiatu.

Mimi ni ofisa ustawi wa jamii, na wanandoa wa namna hii nakaa nao kila wiki. Hasira ile naijua. Mke amembeba mlevi miaka yote akiamini mapenzi yake ndiyo yatakayomponya, halafu anakuja kuponywa na watu baki, walevi wenzake. Nani hataumia?

Mwaka 1939 kikundi kilichapisha kitabu chake, na ndani yake mna sura ya kuwaasa wake, iliyoandikwa kana kwamba wanawake wenyewe wanasema. Aliyeiandika ni Bill. Lois alikuwapo, alikuwa tayari kuiandika, akanyimwa. Jambo hilo lilimuuma sana, nami linaniuma hadi leo. Ilibidi afike 1951 ndipo yeye na Anne B. walipoanzisha Al-Anon, mahali pa jamaa za walevi kusema ya kwao.

Wataalamu nao walimtazama mke kwa jicho baya. Walidhani amemchagua mlevi makusudi, kwa kasoro zake mwenyewe. Mwaka 1953 Thelma Whalen aliwagawa wake hao mafungu manne: Susan anayeteseka, Catherine anayetawala, Winifred anayeyumba, Polly anayeadhibu. Mwanamke wa kawaida aliyefikwa na balaa hakuwa na fungu lake.

Aliyenyoosha mambo ni Joan Jackson, mwanasosholojia wa Seattle. Alikaa na wake wa walevi, akawasikiliza muda mrefu, na mwaka 1954 akaeleza hatua 7 ambazo familia hupitia. Mwanzoni wanakana kuwa kuna tatizo. Baadaye wanajificha majirani wasijue. Ikifika hatua ya nne, mke ameshika usukani: ada, kodi, kuadhibu watoto, vyote vyake, na baba anahesabiwa kama mtoto mtukutu. Sasa huyo baba akiacha pombe anataka kiti chake. Nimeona ugomvi mkubwa kuliko wa enzi za ulevi, na chanzo ni nani ashike mshahara. Jackson alilisema hili mapema: mke habadiliki kwa tabia mbaya, anabadilika kwa sababu nyumba lazima iende.

Tangu miaka ya 1970 wataalamu wakaanza kuwaketisha mume na mke pamoja. Peter Steinglass alifika mahali pa kuwalaza wodini pamoja, pombe ikiruhusiwa, ili aone kinachotokea kati yao. Timothy O'Farrell, huko Massachusetts, alijenga tiba yenye agano la kila siku. Mume anamwambia mkewe kwamba tangu jana hajanywa na leo hatakunywa. Kama amepewa kidonge cha disulfiramu, kinachomfanya augue akinywa, anakimeza mbele yake. Mke anamshukuru, wanatia alama kwenye kalenda, basi. Ya jana na hofu za kesho hayaguswi hapo. Yanasubiri siku ya mshauri. Dakika chache tu, lakini nimeona zinavyomwondolea mke kazi ya kunusa pumzi na kupekua mifuko.

Tiba hii haifai kila nyumba. Penye kipigo cha kuumiza, wenye tiba wenyewe walionya wawili wasiketishwe pamoja, maana neno la ushauri hulipiwa nyumbani. Hapo namwona mama siku yake, peke yake, na cha kwanza ninachomuuliza ni kama ana ndugu wa kumpokea yeye na watoto.