Kiti Kinachoitwa Safari

Kwa miaka mingi niliwafundisha wanafunzi wangu kuuliza neno limetoka wapi. Sikuwafundisha kuuliza limekwenda wapi. Upungufu huo nimeutambua kwa sababu ya kiti.

Mwaka 1933 Kaare Klint, msanifu wa Denmark aliyeasisi mafunzo ya samani katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa mjini Copenhagen mwaka 1924, alibuni kiti cha mikono cha mbao na ngozi. Miguu yake minne imekerezwa; mbao za kuiunganisha huchomekwa matunduni bila gundi wala parafujo, na mikono yake ni mikanda ya ngozi. Mtu akikaa, uzito wake hukaza viungo. Kikifumuliwa, huwa kitita kimoja cha kubebeka. Kinahesabiwa leo miongoni mwa samani bora za mwanzo wa usasa, nacho huitwa Safari.

Umbo lake lina asili ya zamani zaidi. Maofisa wa Kiingereza nchini India walitumia kiti cha namna hiyo, kilichopewa jina la mji wa Roorkee, kituo cha wahandisi wa jeshi. Klint alikiona katika kitabu cha Martin na Osa Johnson, Wamarekani waliopiga picha za wanyamapori nchini Kenya miaka ya 1920. Umbo likatoka India, jina likatoka kwetu.

Nasi tulilipokea neno hilo kutoka Kiarabu, safar, tukaliongezea irabu. Kwetu safari ni mwendo wowote: wa harusi, wa matanga, wa masomo, hata ule wa mwisho. Waingereza walipolichukua katika karne ya 19, hatimaye walilibana likawa mwendo wa kuwinda na kutazama wanyama.

Aliyedondoka njiani ni mpagazi. Wahenga walinena, msafiri maskini ajapokuwa sultani. Kiti kile kiliundwa kuikanusha methali hiyo, ili bwana akae nyikani kama aliye sebuleni kwake. Lakini kiti hakitembei. Misafara ya bara ilitegemea mabega ya watu, wengi wao Wanyamwezi, na wepesi tunaousifu leo kuwa ni uzuri ulikuwa kwanza hesabu ya mzigo.

Malenga wenzangu, neno limerudi nyumbani likiwa na maana ya aliyekaa. Tunapolitunga katika vina vyetu, tumrudishie nafasi aliyebeba.