Wakanada Wanne na Mtu wa Arkansas

Septemba 1969 ilitoka Marekani santuri yenye jalada la kahawia na picha ya wanaume watano, sura zao kama za wakulima wa karne iliyotangulia. Bendi ilijiita The Band, na santuri ikapewa jina hilohilo. Nyimbo zake 12 zilijaa wakulima, mabaharia wazee na watu walioshindwa vitani, yaani Marekani ya zamani. Lakini wanne kati ya wanamuziki hao walikuwa Wakanada. Ili tuelewe ilikuwaje, yatubidi turudi nyuma miaka kumi.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, mwimbaji Ronnie Hawkins wa Arkansas alianza kufanya kazi Ontario, akiwa na mpiga ngoma kijana wa kwao, Levon Helm. Wamarekani wenzao waliporudi nyumbani mmoja mmoja, nafasi zao zilichukuliwa na vijana wa hapohapo: Robbie Robertson wa gitaa, Rick Danko wa besi, Richard Manuel wa piano, na Garth Hudson wa kinanda. Hawkins aliwafanyisha mazoezi bila huruma, na walipomwacha mwaka 1964 walikuwa wakijuana kama ndugu wa tumbo moja.

Mwaka uliofuata Bob Dylan aliwachukua ziarani. Dylan alikuwa ameweka kando gitaa kavu na kushika la umeme, jambo lililowaudhi wapenzi wake wa awali, nao wakawazomea mji hadi mji. Helm alishindwa kuvumilia, akaenda kufanya kazi kwenye mtambo wa mafuta katika Ghuba ya Meksiko. Julai 1966 Dylan alianguka na pikipiki na ziara zikasimama. Mwaka 1967 wenzake Helm wakapanga nyumba ya rangi ya waridi karibu na Woodstock. Katika chumba cha chini cha nyumba hiyo walipiga na Dylan nyimbo za kale na mpya, bila haraka wala hadhira. Kwa maoni yangu, santuri ya 1969 ilianzia hapo: wakati bendi nyingine zikishindana kwa kelele, hawa walijifunza kupiga kwa upole, kila mmoja akimsikia mwenzake.

Helm alirudi, na santuri ya kwanza, ya 1968, ikarekodiwa katika studio za kawaida. Kwa ya pili walitaka tena hali ya nyumbani. Mwanzoni mwa 1969 walipanga nyumba ya Sammy Davis Jr. vilimani Los Angeles, wakageuza kijumba cha kando ya bwawa la kuogelea kuwa studio. Nyimbo chache tu zilikamilishiwa New York. Sikiliza "Rag Mama Rag" uone walivyofanya kazi. Manuel amekaa kwenye ngoma, Helm ameshika mandolini, Danko anapiga fidla, Hudson yuko kwenye piano. Besi haina mtu, basi mtayarishaji wao, John Simon, anapuliza tuba.

Je, simulizi zilitoka wapi? Wapo wasemao kwamba mgeni huona yale ambayo mwenyeji ameyazoea, na Robertson, mtunzi mkuu, alikuwa mgeni huyo. Wengine humtaja Helm, mtoto wa wakulima wa pamba, ambaye aliandika baadaye kuwa alimpeleka Robertson maktaba akasome habari za Kusini mwa Marekani, kwa ajili ya wimbo kuhusu Kusini hiyo kushindwa vitani mwaka 1865. Maelezo ya pili naona yana uzito zaidi, tena yanafafanua kasoro moja: wimbo huo unalia na Mzungu maskini, lakini hauna neno juu ya watumwa. Mgeni alisimuliwa upande mmoja.

Swali hilo lilizaa ugomvi. Jina la Robertson limo katika nyimbo zote 12. La Manuel katika tatu, la Helm katika mmoja. Danko na Hudson hawamo kabisa. Katika kitabu chake cha 1993, Helm alidai kwamba kazi ya watano iliandikishwa kwa mmoja. Robertson alishikilia kuwa aliyeziandika ni yeye. Sheria ilikuwa upande wa Robertson, kwa kuwa hutambua maneno na lahani. Lakini ukiondoa ngoma ya Manuel na tuba ya Simon, sijui kitabaki nini cha "Rag Mama Rag".

Santuri ilifika nafasi ya 9 Marekani, na Januari 1970 jarida la Time likawaweka watano hao kwenye jalada lake. Wakati huo muziki wa namna hii haukuwa na jina lake sokoni. Americana ni jina la miaka ya 1990. Tuzo za Grammy zilipotoa kwa mara ya kwanza tuzo ya albamu bora ya Americana, mwaka 2010, ilikwenda kwa Levon Helm, mwenye umri wa miaka 69, sauti yake ikiwa imekwaruzwa na saratani ya koo.