Esther Rolle: Mama aliyetaka nyumba yenye baba

Mwaka 1973 hapakuwa na mtayarishaji wa vichekesho vya televisheni nchini Marekani mwenye nguvu kama Norman Lear. Alipotaka kumpa Esther Rolle kipindi chake mwenyewe, alikuwa anamfungulia mlango ambao wanawake weusi waliovuka miaka 50 hawakuwa wakifunguliwa. Rolle alikubali, lakini kwa sharti. Katika mpango wa awali mhusika wake, Florida Evans, alikuwa analea watoto watatu peke yake. Rolle akasema watoto hao lazima wawe na baba, na baba huyo aishi nao nyumba moja. Bila hivyo, kazi hiyo hataifanya.

Uzito wa sharti hilo unaonekana ukiangalia televisheni ilivyokuwa. Mwaka 1965 ilitoka ripoti ya serikali ya Marekani iliyoandikwa na Daniel Patrick Moynihan, iliyodai kwamba kudhoofika kwa familia za watu weusi, hasa nyumba zinazoongozwa na wanawake, ndicho kiini cha matatizo yao. Kuanzia hapo mama mweusi asiye na mume akawa mada ya wanasiasa na wahariri. Mwaka 1968 kikaja kipindi cha Julia, kilichosifiwa kwa kumwonyesha Diahann Carroll akiwa muuguzi msomi na wala si mtumishi wa ndani. Lakini hata Julia alikuwa mjane, mumewe amekufa katika vita vya Vietnam, na mtoto wake mmoja alikua bila baba.

Rolle hakuitambua picha hiyo. Alizaliwa tarehe 8 Novemba 1920 huko Pompano Beach, Florida, mtoto wa kumi kati ya watoto 18 wa wazazi wakulima waliohamia Marekani kutoka Bahamas. Alikulia katika nyumba iliyojaa watu, baba na mama wote wapo. Dada zake wawili, Estelle Evans na Rosanna Carter, nao walikuwa waigizaji. Estelle ndiye aliyeigiza Calpurnia katika filamu ya To Kill a Mockingbird ya mwaka 1962.

Esther alikwenda New York, akasoma huku akifanya kazi katika viwanda vya nguo ili kujikimu. Miaka hiyo ilikuwa mingi, na wasifu wake mwingi huipita haraka mno. Kabla Marekani haijamjua kama mama wa kuchekesha, Rolle alikuwa mcheza ngoma katika kundi la Asadata Dafora, msanii kutoka Sierra Leone aliyepeleka ngoma za Afrika Magharibi kwenye majukwaa ya New York tangu miaka ya 1930. Mwaka 1960 Rolle akawa mkurugenzi wa kundi hilo. Mwaka 1964 alikuwa Broadway katika tamthilia ya James Baldwin, Blues for Mister Charlie, na ilipoundwa Negro Ensemble Company mwaka 1967, alikuwa miongoni mwa waigizaji wake wa mwanzo. Kwa hiyo mwanamke aliyekaa mbele ya Lear akidai mume wa mhusika wake alikuwa na miaka mingi ya jukwaa nyuma yake, na alijua tamthilia nzuri inajengwaje.

Walikuwa wamekwisha kufanya kazi pamoja. Mwaka 1972 Lear alimtaka aingie katika kipindi cha Maude, ambacho mwigizaji mkuu wake alikuwa Bea Arthur, aigize mtumishi wa ndani. Rolle alisita sana. Historia ya nafasi hiyo ilikuwa nzito. Hattie McDaniel alipata tuzo ya Oscar mwaka 1940, mweusi wa kwanza kuipata, kwa kuigiza mtumishi katika Gone with the Wind. Televisheni ilipoanza kushika kasi, moja ya vipindi vyake vya mwanzo vilivyoongozwa na mwanamke mweusi kilikuwa Beulah, na Beulah naye alikuwa mpishi na mtumishi katika nyumba ya Wazungu. Mtumishi wa namna hiyo hucheka, hufariji, hupika, na hana nyumba yake ambayo mtazamaji anaijua.

Rolle alikubali kuwa Florida baada ya kuhakikishiwa kwamba huyu atakuwa mtu mwenye akili na kauli yake. Ikawa hivyo. Katika sehemu ya kwanza wanayokutana, Maude, mwajiri wake, anataka kuonyesha kuwa hana ubaguzi. Anang'ang'ania Florida apite mlango wa mbele na wanywe pamoja kama mashoga. Florida anachoka na wema huo kiasi cha kutishia kuacha kazi, kwa kuwa yeye amekuja kufanya kazi, alipwe, arudi kwake. Watazamaji walimpenda. Wakubwa wa televisheni ya CBS wakaanza kujiuliza huko kwake kukoje.

Ndipo kikazaliwa Good Times, kilichoanza kurushwa tarehe 8 Februari 1974. Wabunifu wake walikuwa Eric Monte na Mike Evans, vijana wawili weusi, na Monte mwenyewe alikulia Cabrini-Green, maghorofa ya serikali ya wapangaji maskini mjini Chicago, ambayo ndiyo yanayoonekana kipindi kinapoanza. Mume alipatikana: James Evans, aliyeigizwa na John Amos, kijana kwa Rolle kwa miaka 19. James anafanya vibarua viwili au vitatu, anafukuzwa, anatafuta vingine, anakuwa mkali kwa watoto na anampenda mkewe bila kuficha. Kipindi hiki hutajwa kuwa kichekesho cha kwanza cha televisheni ya Marekani kuonyesha familia ya watu weusi yenye baba na mama chini ya paa moja.

Ukivitazama leo vipindi vya misimu ile ya mwanzo, utaona jinsi uwepo wa baba ulivyobadilisha hata ucheshi wenyewe. Kodi ya nyumba ikikosekana, watu wazima wawili wanabishana, wanafichana, wanapatana, na mzaha unatoka katika mapenzi yao. Kuna sehemu inayohusu shinikizo la damu la James. Kuna nyingine ambapo mtoto mdogo, Michael, anakataa kufanya mtihani wa kupima akili kwa kuwa maswali yake yametungwa kwa watoto wa Kizungu. Rolle hakuwa mwigizaji wa kurusharusha mikono. Alikuwa akingoja, anamtazama mwenzake kwa jicho moja la pembeni, kisha anasema neno dogo na ukumbi mzima unaangua kicheko. Katika msimu wa 1974 hadi 1975 kipindi kiliingia katika orodha ya vipindi kumi vilivyotazamwa zaidi nchini.

Lakini mafanikio hayo hayo ndiyo yaliyoleta mgogoro. Kijana mkubwa wa familia, J.J., aliigizwa na mchekeshaji Jimmie Walker, ambaye Amos, baba yake katika hadithi, alimzidi umri kwa chini ya miaka 8. J.J. alikuwa na neno lake moja la kujisifu, akilitamka kwa kulivuta na kulipasua, na watazamaji walilisubiri kila wiki. Waandishi wakampa nafasi zaidi: kofia zaidi, mikao zaidi, ujinga zaidi. Hadithi za Michael aliyetaka kuwa mwanasheria na za Thelma, binti mwenye akili darasani, zikasogezwa pembeni.

Rolle hakulinyamazia jambo hilo. Mwaka 1975 alilalamika hadharani katika jarida la Ebony, akiwa mwigizaji mkuu wa kipindi kinachopendwa na akijua anamkosoa mwajiri wake. Hoja yake ilikuwa kwamba kijana wa miaka 18 asiye na kazi wala elimu anafanywa kielelezo, na kwamba watoto weusi wanaotazama wanafundishwa kumcheka na kumwiga kwa pamoja. Nadhani alikuwa sahihi kabisa. Walker alikuwa mchekeshaji hodari, na kosa halikuwa lake; lilikuwa la waliokuwa na kalamu, ambao wengi hawakuwa wameishi maisha waliyoyaandika. Amos naye alilalamika hivyo hivyo, tena kwa ukali zaidi, na baada ya msimu wa tatu akaondolewa.

Msimu wa nne ulianza Septemba 1976 na familia ikifunga mizigo kuhamia Mississippi, ambako James amepata kazi kwenye gereji. Inakuja simu ya maandishi: James amekufa katika ajali ya gari. Wageni wa msiba wanakuja na kuondoka, na Florida hatoi chozi. Anatabasamu, anapanga vyombo, mpaka watoto wanaanza kumwogopa. Wageni wakishatoka, analibamiza bakuli chini na kulia kwa sauti ambayo hakuna kipindi cha kuchekesha kilichokuwa kimeizoea. Ni dakika inayokumbukwa kuliko nyingine yoyote katika kazi yake. Na aliyekuwa anamlilia ni mhusika ambaye yeye mwenyewe alidai awepo.

Sasa kipindi kikawa kile kile alichokikataa mwaka 1973: mama na watoto watatu bila baba. Waandishi wakajaribu kumwoza haraka kwa mwanamume mwingine, Carl, na Rolle akaona haiingii akilini kwamba Florida amsahau James upesi hivyo. Mwaka 1977 akaondoka. Kipindi kiliendelea msimu mzima bila yeye, kikamleta Janet Jackson akiwa bado mtoto kuigiza Penny, binti anayeteswa na mama yake, lakini watazamaji walipungua. Mwaka 1978 Rolle alirudi kwa masharti mapya: Carl asiwepo, J.J. apewe heshima na wajibu wa mtu mzima. Alikubaliwa, ila muda ulikuwa umepita. Good Times kilifungwa mwaka 1979 baada ya sehemu 133.

Mwaka huo huo alipata tuzo ya Emmy kwa filamu ya televisheni ya Summer of My German Soldier, alimoigiza tena mtumishi wa ndani, safari hii katika hadithi nzito ya wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1979 pia aliigiza bibi yake Maya Angelou katika filamu iliyotokana na kumbukumbu za mwandishi huyo. Mwaka 1989 akarudi Chicago ya kubuni akiwa Lena Younger katika A Raisin in the Sun, Danny Glover akiwa mwanawe. Lena ni mjane, lakini mumewe yumo katika kila kauli yake, na pesa za bima ya mume huyo ndizo zinazoununulia ukoo nyumba. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi yake bora kuliko zote. Mwaka 1990 NAACP, shirika la kutetea haki za watu weusi, lilimpa tuzo ya uongozi katika kutetea haki za raia, mwanamke wa kwanza kuipokea.

Alifariki tarehe 17 Novemba 1998 huko Culver City, California, kwa matatizo yaliyotokana na kisukari, akiwa na miaka 78. Mwezi uliofuata ilitoka kwenye kumbi za Marekani filamu ya Down in the Delta, aliyoiongoza Maya Angelou, Rolle akiwa miongoni mwa waigizaji wake.

Desemba 2019 televisheni ya ABC iliigiza upya, moja kwa moja mbele ya watazamaji, sehemu moja ya Good Times. Viola Davis alikuwa Florida, na John Amos, akiwa na karibu miaka 80, alipewa nafasi ya mwanasiasa wa mtaa. Kati ya sehemu 133, watayarishaji walichagua moja kutoka miaka ya mwanzo, ambamo Florida na James wanagombana kuhusu uchaguzi, kila mmoja na mgombea wake, meza moja, nyumba moja.