Jioni ya Anayerudi Kazini: Mapumziko, Sala ya Isha na Nyiradi za Kulala

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Masuala yanayotufikia kuhusu wakati wa jioni huja kwa sura mbalimbali, lakini asili yake ni moja: mtu karudi kazini kachoka, nyumba ina watoto, Isha bado haijaadhiniwa, naye hana analolitaka ila kujinyoosha. Je, kupumzika kwake ni uvivu? Hapana. Katika Suratun Nahl, aya ya 80, Mwenyezi Mungu amezitaja nyumba zetu kuwa ni mahali pa utulivu, na akazihesabu miongoni mwa neema Zake. Na Salman al-Farisy (R.A.) alipomkuta Abu Dardaa (R.A.) amezama katika kufunga na kusimama usiku, alimlisha, akamlaza, kisha akamkumbusha kuwa Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki na ahali zake wana haki. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) alimsadikisha Salman. Imepokewa na Bukhari.

Basi haki ya nafsi imethibiti. Linalobaki ni namna ya kuitoa bila ya kuila haki ya mwengine.

Mwenye kuingia nyumbani amtaje Mwenyezi Mungu na atoe salamu, hata kama waliomo ni watoto peke yao. Katika hadithi ya Jabir (R.A.) aliyoipokea Muslim tunafahamishwa kuwa anayemtaja Mola wake wakati wa kuingia na wakati wa kula, shetani hukosa kwake malazi na chakula. Wangapi tunaingia na simu sikioni, tukapita ukumbini kama wapangaji? Magharibi ikishaingia, Sunna ni kuwazuia watoto wasizurure nje mpaka sehemu ya usiku ipite. Na chakula kikiwa kimeshaandaliwa na sala ikakimiwa, Mtume (S.A.W.) ameelekeza kuanza kula, ili moyo usibaki kwenye sinia. Hii ni rukhsa kwa mwenye njaa ambaye wakati wa sala bado ni mpana. Anayefanya mazoea ya kuagiza chakula kila muadhini anapoinuka ni jambo jengine.

Tuje kwenye usingizi kabla ya Isha, maana hapa ndipo wengi wanapotatizika. Abu Barza al-Aslamy (R.A.) amesimulia kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akichukia kulala kabla ya Isha na mazungumzo baada yake. Kwetu Zanzibar, baina ya Magharibi na Isha hapana zaidi ya saa moja na robo hivi, na muda huo haubadiliki sana mwaka mzima. Kwa hiyo aliyechoka awe na subira, asali kwanza, kisha alale usingizi wake mmoja wa raha. Ndugu zetu walioko Uingereza hali yao ni nyengine, kwani mwezi wa Juni Isha kwao hukaribia usiku wa manane.

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, kulala kabla ya Isha ni makruhu. Wakati wa sala ukishaingia na mtu akajua, au akadhani sana, kuwa hatoamka mpaka utoke, hapo inakuwa haramu kwake kulala kabla hajasali. Akiwa na uhakika wa kuamka, au yupo wa kumwamsha, ukaraha unabaki lakini dhambi haipo. Na aliyeshindwa na usingizi bila ya kukusudia hana lawama, atasali pale atakapoamka. Wakati wa Isha kwetu unaendelea mpaka alfajiri ya kweli, ingawa si vyema kuichelewesha zaidi ya theluthi ya usiku bila ya udhuru.

Ama mazungumzo baada ya Isha, wanavyuoni wamevua katika katazo hilo mazungumzo ya elimu, ya maslahi ya Waislamu, ya mgeni na ya mtu na ahali zake. Bukhari ameweka mlango maalumu wa mazungumzo na mgeni na familia. Na hapa tuseme jambo ambalo baadhi ya ndugu zetu wa barazani hawatolipenda. Mtu anatoka kazini, anakula, anavaa kikoi chake safi, anakwenda kwenye kahawa na keram mpaka saa 5 za usiku, kisha anasema anapumzisha akili. Mkewe naye alikuwa kazini kutwa, akarudi akapika, akakosha vyombo, akalaza watoto. Yeye atapumzishwa na nani? Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumbani kwake, na sala ikifika hutoka. Ni yeye huyo huyo aliyekaa akamsikiliza Bibi Aisha kisa kirefu cha wanawake kumi na moja na waume zao, mpaka mwisho, ilhali alikuwa na umma mzima mabegani mwake. Baraza si haramu. Lakini ahali wana fungu lao la usiku, na fungu hilo halilipwi kwa masalio.

Kwa aliyechoka kwa kazi ya mikono ipo dawa ambayo tunasikitika kuona imeachwa. Bibi Fatma (R.A.) alilalamikia viganja vyake kwa jiwe la kusagia, akaenda kwa baba yake kutaka mtumishi. Usiku Mtume (S.A.W.) akawaendea yeye na Ali (R.A.) hali wameshalala, akawafundisha kilicho bora kwao kuliko mtumishi: waingiapo kitandani waseme Subhanallah mara 33, Alhamdulillah mara 33 na Allahu Akbar mara 34. Ali alisema hakuiacha tena, hata usiku wa Siffin. Baadhi ya wanavyuoni wamefahamu kuwa anayedumu nayo hupewa nguvu ya kazi zake. Haichukui dakika tano.

Kabla yake mtu atie udhu, akung'ute kitanda, alale kwa ubavu wa kulia. Asome Ayatul Kursiy, na sura za Ikhlas, Falaq na Nas huku akipuliza viganjani na kujipangusa mwilini, mara tatu. Milango ifungwe, vyombo vifunikwe, moto uzimwe. Mwanamke aliye katika hedhi hazuiliwi na tasbihi wala dua, na aya hizi anazisoma kwa nia ya dhikri na kinga.

Ametuuliza pia muuguzi wa zamu ya usiku, naye hulala mchana: nyiradi hizi azisome lini? Zile ambazo hadithi imezifunga na kuingia kitandani, kama tasbihi ya Bibi Fatma na Ayatul Kursiy, azisome anapokwenda kulala, iwe asubuhi au adhuhuri. Ama aya mbili za mwisho za Suratul Baqara zimetajwa pamoja na usiku, basi hizo azisome usiku huko huko kazini, hata akiwa anatembea baina ya vitanda vya wagonjwa.

Wallahu aalam.