Maelekezo ya Jukwaani na Matakwa ya Mtunzi

Msomaji afunguapo tamthilia iliyochapishwa hukutana na sauti mbili. Ya kwanza ni ya wahusika wanaosemezana. Ya pili ni ile ya maelekezo ya jukwaani, isemayo nani aingie, asimame wapi, ashike nini. Kwa desturi sauti hii ya pili huchukuliwa kuwa ni ya mtunzi mwenyewe, na hivyo kuwa kipimo cha uaminifu wa kila onyesho. Historia ya uchapishaji inaonyesha kwamba dhana hiyo husadifu mara nyingine tu.

Shakespeare alifariki mwaka 1616. Mkusanyo mkubwa wa tamthilia zake 36 ulitolewa mwaka 1623 kwa juhudi za waigizaji wenzake wawili, John Heminges na Henry Condell. Nusu ya tamthilia hizo hazikuwahi kuchapwa kabla ya hapo. Katika chapa ya Romeo and Juliet ya mwaka 1599, mahali pa kumtaja mtumishi Peter, maelekezo yanamtaja Will Kemp, yaani mwigizaji na si mhusika. Maneno ya namna hiyo yaliwahusu watu wa kikundi, wala hayakumlenga msomaji. Kisha, mwaka 1709, Nicholas Rowe alitoa chapa yake, akaongeza orodha za wahusika na kutaja mahali pa matukio. Kwa hiyo baadhi ya mambo ambayo mwanafunzi huyasoma kama amri ya Shakespeare yaliandikwa na mhariri aliyezaliwa baada ya mtunzi kufa.

Katika karne ya 19 hali ilibadilika, kwani watunzi walianza kuchapisha kwa ajili ya msomaji pia. Hata hivyo, kuwa na kitabu mkononi hakukuwa ulinzi. Henrik Ibsen alichapisha Et dukkehjem huko Copenhagen mwezi wa Desemba 1879, na katika mwisho wake Nora anaiacha nyumba ya mumewe. Huko Ujerumani mwigizaji Hedwig Niemann-Raabe alikataa kuucheza mwisho huo. Kwa kuwa sheria haikumlinda dhidi ya watu wa nje, Ibsen aliandika mwenyewe mwisho mwingine, ambamo Nora anabaki kwa ajili ya watoto wake. Mwisho huo aliuchukia waziwazi. Hapa pana fumbo: maandishi ni ya mkono wa mtunzi, ilhali matakwa yake hayamo.

George Bernard Shaw alipambana kwa njia nyingine. Tangu mwaka 1898 alichapisha tamthilia zenye utangulizi mrefu na maelekezo yanayokaribia riwaya kwa wingi wa maelezo. Lakini Pygmalion ilipochezwa London mwaka 1914, Herbert Beerbohm Tree, aliyemwigiza Higgins, alimrushia Eliza maua mwishoni, hadhira ikadhani wawili hao wataoana. Shaw alijibu kwa kalamu: katika kitabu cha mwaka 1916 aliongeza maelezo kwamba Eliza anaolewa na Freddy. Alichoshindwa kukizuia jukwaani alikisahihisha kitabuni.

Samuel Beckett aliitegemea sheria. Fin de partie, ya mwaka 1957, inataka chumba kitupu chenye madirisha mawili madogo. Mwaka 1984, huko Cambridge, Massachusetts, JoAnne Akalaitis aliiweka katika handaki la treni lililoachwa. Beckett alipinga, mwishowe onyesho liliendelea, huku kauli yake ya kulikana ikichapwa katika kijitabu walichopewa watazamaji.

Lubumbashi inatoa mfano ulio kinyume na hiyo yote. Mwaka 1986 kikundi cha Mufwankolo kilitunga mchezo Le pouvoir se mange entier kutokana na msemo juu ya mamlaka ambao Johannes Fabian alikuwa akiuulizia maana. Waigizaji walikubaliana juu ya kisa, wakagawana nafasi, kisha kila mmoja akazua maneno yake kwa Kiswahili cha mjini. Hapakuwa na mazungumzo yaliyoandikwa ya kukariri. Fabian alirekodi mazoezi na onyesho, na mwaka 1990 akachapisha maneno hayo pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Hapo maandishi yalikuja baada ya mchezo, na mtunzi ni kikundi kizima. Kulifanya andiko hilo kuwa amri kwa waigizaji wa kesho kungekuwa kulipa nguvu ambayo waliolizaa hawakuitaka, kwani kutoka zoezi moja hadi jingine wao wenyewe waliyageuza maneno.

Basi, maelekezo ya jukwaani hayana budi kusomwa kama mwanahistoria asomavyo hati. Kabla ya kuuliza mtunzi alitaka nini, sharti kwanza ijulikane ni nani aliyeshika kalamu, alimwandikia nani, na ni shinikizo gani lililomkalia. Pasipo hayo, mhakiki aweza kuyatetea kwa dhati matakwa ya mchapaji, akidhani anamtetea mtunzi; na michezo yetu isiyoandikwa ikahukumiwa kuwa pungufu kwa kukosa kitu ambacho hata Shakespeare hakukiacha kikamilifu.