Kikosi Kilichogeuka Soko: Zanzibar Heroes 2017 na Madogo Waliopanda Boti

Jumapili ya tarehe 17 Desemba 2017, barazani Mji Mkongwe hakukuwa na habari nyingine. Karata ziliwekwa pembeni, kahawa ikapoa. Fainali ya CECAFA ilikuwa inapigwa Machakos, Kenya, na Zanzibar Heroes walikuwa ndani. Dakika ya 87 wakasawazisha. Muda wa nyongeza wakafungwa tena, wakarudisha tena. 2-2. Zikaja penalti, na kipa wa Harambee Stars akaamua kuharibu sherehe za watu. Kenya bingwa kwa penalti 3-2.

Watu walilia, lakini walilia kwa fahari. Wengi wanakumbuka machozi na penalti. Kitu kinachosahaulika ni hiki: siku ile Zanzibar ilipoteza kombe, na polepole ikaanza kupoteza kikosi pia.

Ili uelewe, rudi nyuma miezi michache tu. Machi 16, 2017, kule Addis Ababa, CAF iliipokea Zanzibar kuwa mwanachama wa 55. Ndo mkutano ule ule ambao Issa Hayatou, aliyekaa kwenye kiti tangu 1988, alibwagwa na Ahmad Ahmad wa Madagascar. Unguja na Pemba watu wakaanza kuota: Zanzibar kwenye kufuzu AFCON, wimbo wao, bendera yao. Ndoto haikufika hata miezi mitano. Julai mwaka huo huo CAF ikarudi na rungu: nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili, na Zanzibar haikupaswa kupokewa tangu mwanzo. Mlango ukafungwa.

Kwa hiyo mchezaji wa Zanzibar akabaki pale alipokuwa kwa miaka mingi. FIFA inaitambua Tanzania, na kiti kimeshikwa na TFF. Mzanzibari akitaka Kombe la Dunia au AFCON, njia yake ni Taifa Stars tu. CECAFA ndo tofauti. Huko Bara wanacheza kama Kilimanjaro Stars, na Zanzibar wanasimama wenyewe. Ndiyo mashindano makubwa ya kanda ambayo kijana wa Jang'ombe au Wete anavaa jezi ya kwao na kanda nzima ikamuona. Na kombe lenyewe wamelibeba mara moja tu, 1995, kule Uganda.

Hapo ndo uamuzi wa kikosi unapokuwa mzito.

Wale wanaofuatilia NBA wanajua drafti: vijana wanajipanga, timu zinachagua kwa zamu, na timu zilizofanya vibaya zinapewa nafasi kubwa zaidi ya kuanza kuchagua. Kwetu hakuna kitu kama hicho. Kuna dirisha la usajili, kuna simu za usiku, kuna kamati ya usajili yenye mkwanja, na kuna mchezaji anayesubiri kuonekana. Anayeonekana, anachukuliwa. Asiyeonekana, anabaki kucheza uwanja wa Mao mbele ya watu wachache, hata kama mguu wake ni dhahabu.

Maana yake kocha wa Zanzibar Heroes, akiandika majina ya kwenda CECAFA, anaandika pia orodha ya watakaoingizwa sokoni. Mwaka 2017 kazi hiyo ilikuwa ya Hemed Suleiman, ambaye kila mtu anamwita Morocco. Njia ya mkato ilikuwepo: wajaze wote wanaocheza Bara, majina makubwa, maliza. Yeye akachanganya. Akachukua wa Bara wenye uzoefu, akawawekea pembeni vijana wa ligi ya nyumbani, timu kama JKU, Zimamoto na zile mbili za mtaa mmoja zinazogawa familia, Jang'ombe Boys na Taifa ya Jang'ombe.

Kundi lao lilikuwa la moto: Kenya wenyeji, Rwanda, Libya na ndugu zao wa Bara. Heroes wakampiga Rwanda 3-1. Wakampiga Kilimanjaro Stars 2-1, na mechi hiyo mpaka leo ukiitaja kwenye daladala ya kwenda Fuoni utapata mtu wa kukuhadithia. Wakatoka sare na Kenya, wakafungwa na Libya, wakavuka na pointi 7. Bara waliondoka na pointi 1. Nusu fainali wakamtoa Uganda, bingwa mtetezi, 2-1.

Fikiria sasa kiongozi wa klabu ya Dar es Salaam yupo sebuleni kwake anatazama. Anaona watoto asiowajua wanamzima Mganda. Anafanya nini? Anauliza namba ya simu.

Na simu zilipigwa. Kiungo mmoja wa JKU, mdogo wa umbo, mwenye mguu wa kulia unaopiga mashuti kama amekasirishwa, mwaka 2018 alitambulishwa Singida United, na wino haujakauka akatambulishwa Yanga. Kiungo mwingine, mrefu, naye akaja kuvaa kijani na njano 2019. Mmoja mmoja, boti ya asubuhi, begi moja, Malindi mpaka Dar.

Nani wa kuwalaumu? Hakuna. Maisha ya mpira ni mafupi, na mshahara wa Bara na wa Visiwani havifanani hata kidogo. Mama anataka nyumba imaliziwe. Mdogo wake yupo skuli. Ukimwambia kijana abaki kwa ajili ya mapenzi ya mtaa, mwambie pia nani atalipa.

Lakini kuondoka kuna bei yake. Yule yule kiungo wa JKU alikuja kuwa kipenzi cha Jangwani, halafu Desemba 2022 akaamua kuvunja mkataba, akaingiza milioni 112 kwenye akaunti ya klabu na kusema basi. Klabu ikakataa. Kamati ya TFF ikasema bado ni mchezaji wa Yanga. Miezi ikapita kijana hachezi. Mpaka Juni 2023 Rais Samia, Mzanzibari mwenzake, alipoiomba Yanga hadharani, kwenye hafla ya kuipongeza, walimalize. Siku chache baadaye akawa mchezaji wa Azam. Kijana aliyeonekana Machakos kwa sababu ya jina moja kwenye karatasi ya kocha, amefika mahali mkataba wake unazungumzwa Ikulu. Safari hiyo si ndogo.

Na kocha mwenyewe? Naye alipanda boti. Januari 2024, AFCON ya Ivory Coast, kocha mkuu Adel Amrouche akafungiwa na kuwekwa pembeni baada ya mechi ya kwanza, na Morocco akapewa Taifa Stars. Akatoka sare na Zambia, kisha na DR Congo. Novemba mwaka huo akaipeleka Stars AFCON nyingine kwa kuifunga Guinea 1-0 kwa Mkapa. Mtu aliyekuwa anachagua kikosi cha visiwa viwili akawa anachagua cha nchi nzima.

Hapo kuna jambo la kujiuliza. Zanzibar haina kiti FIFA, haina kiti CAF, lakini vipaji vyake na hata kocha wake vimebeba timu ya taifa. Hilo ni la kujivunia, na papo hapo linauma. Ligi ya nyumbani inalea, Bara inavuna.

Ila kisima hakijakauka. Mlandege walibeba Kombe la Mapinduzi 2023 kwa kuwafunga Singida Big Stars, wakarudia 2024 wakamfunga Simba 1-0 pale Amaan mpya. Januari 2025 kombe likachezwa na timu za taifa, na Zanzibar Heroes wakaifunga Burkina Faso 2-1 kwenye fainali, Gombani, Pemba. Burkina Faso! Timu inayocheza AFCON, imelala kwa timu ambayo AFCON hairuhusiwi hata kugonga mlango.

Na usiku ule, wakati Pemba wanacheza ngoma, kuna uwezekano mkubwa mtu sehemu fulani Dar alikuwa anauliza namba ya simu.